Kuishi na mwili uliovunjika vunjika kwa michezo ya hatari: mwongozo kamili

Huu mwongozo ni wa watu wa baiskeli za kuruka, pikipiki za matope, kupanda miamba, mawimbi, theluji, sketi (ubao wa magurudumu), parkour (kuruka kuta na vizuizi vya mtaani), mieleka na chochote kile ambacho mama yako alikukataza ukafanya, na sasa hivi una goti linalolalamika, bega lisilopanda juu na labda chuma kimoja au viwili ndani. Wengi wetu tumefundishwa vitu viwili tu, ukiumia pumzika, ukipona rudi. Sasa katikati ya hivyo viwili ndo maisha yenyewe yalipo, maana kuna majeraha hayaishi, yanatulia tu, na mtu anaishi nayo miaka 30 au 40. Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka uchoke: kiungo kilichoumia kinataka kazi kwa kipimo, hakitaki kulazwa milele na hakitaki kurudishwa kwenye fujo kabla hakijawa tayari.

HATUA YA 1: Fungua faili la mwili wako

Chukua daftari au tumia simu, andika kila jeraha kuanzia la zamani kabisa: upande gani, mwaka gani, kiliumia nini hasa (mfupa, ligamenti yaani kamba inayofunga mfupa kwa mfupa, tendoni yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, au gegedu yaani ile nyama ngumu laini kati ya mifupa), walikufanyia nini, na mpaka leo hicho kiungo kinakataa nini. Hicho cha mwisho ndo muhimu kuliko vyote na watu wengi wanakiruka. Usiandike "bega bovu". Andika "bega la kulia, lilichomoka, linauma nikilalia upande huo, mkono ukienda nyuma ya kichwa nahisi linataka kutoka tena". Mtaalamu wa fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) akisoma sentensi kama hiyo ameshajua pa kuanzia kabla hujavua shati.

Kama ulifanyiwa upasuaji omba ripoti ya upasuaji na aina ya chuma walichoweka, piga picha eksirei zako za zamani uzihifadhi, andika na mzio wa dawa, ulivyoitikia dawa ya usingizi, na lini mara ya mwisho ulichomwa sindano ya pepopunda (mtu wa matope na changarawe hii inamhusu sana). Ukimaliza isome yote kwa pamoja. Mara nyingi utaona kitu hukukitegemea, mfano majeraha yote ya baadae yako upande mmoja kwa sababu baada ya lile la kwanza ulianza kutua kwa mguu mmoja bila kujijua.

HATUA YA 2: Jua maumivu gani hayasubiri

Sisi tuna ugonjwa wa kuvumilia, ndo maana hii inakaa mapema. Haya hayana mjadala, ni hospitali siku hiyo hiyo, mengine dakika hiyo hiyo:

- Mguu au mkono umeumia, maumivu yanapanda kuliko jeraha linavyostahili, msuli umekaza kama ubao na ukinyooshewa vidole unapiga kelele. Shinikizo linapanda ndani ya msuli na damu haipiti, ni suala la masaa.
- Mgongo unauma alafu unapata ganzi sehemu za siri na kuzunguka makalio, au mkojo hautoki, au miguu inalegea.
- Uko kwenye plasta au umetoka upasuaji, kigimbi kimoja kinavimba na kuuma, au ghafla pumzi inakata na kifua kinachoma. Inaweza kuwa damu iliyoganda.
- Umepiga kichwa ukatapika zaidi ya mara moja, kichwa kinazidi kuuma, unasinzia hovyo, umepata degedege, mboni za macho haziko sawa, au maji maji yanatoka puani au masikioni.
- Mahali pa upasuaji panakuwa pekundu, pa moto, panatoa usaha, na homa juu.

Kifundo cha mguu kilichoteguka kina kipimo rahisi ambacho madaktari wa Ottawa, Kanada, walikitoa 1992 na bado kinatumika dunia nzima: kama huwezi kupiga hatua 4 (hata za kuchechemea), au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa yale mafundo mawili ya mfupa, sentimita 6 za mwisho, mfupa wenyewe unauma, basi nenda kapige eksirei. Na kwenye mkono, ukianguka ukajikinga na kiganja alafu panauma kwenye kile kishimo kinachotokea chini ya kidole gumba unapolinyanyua, usikubali kuambiwa "eksirei ni safi" ukaishia hapo. Kale kamfupa kanaweza kuwa kamevunjika na kasionekane siku ya kwanza, kwa hiyo hua wanafunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 mpaka 14. Damu inakafikia kwa shida, kakikosa kuunga unabaki na kifundo kibovu maisha yako yote.

HATUA YA 3: Jifunze kusoma maumivu ya kila siku

Maumivu ya zamani yana tabia ya kutisha bila sababu, na pia yana tabia ya kunyamaza wakati kuna sababu. Kipimo kinachosaidia ni cha 0 mpaka 10, 0 hakuna kitu na 10 ndo huwezi kuongea. Wakati wa mazoezi, mpaka 3 endelea tu bila wasiwasi. 4 na 5 inavumilika kama inashuka baadae. Juu ya 5 punguza uzito, punguza marudio, au badili zoezi.

Alafu kuna swali la pili na hili ndo lenye hukumu: kesho asubuhi ikoje? Kama umeamka na goti liko kama lilivyokuwa jana kabla ya mazoezi, kazi ilikuwa sawa hata kama iliuma kidogo. Kama limevimba, limekaza zaidi, unashuka ngazi kwa ubavu, basi jana ulizidisha, leo rudi nyuma hatua moja. Sio kuacha, kurudi nyuma hatua moja. Uvimbe mimi nauamini kuliko maumivu, sababu maumivu yanabadilika na usingizi mbovu na stresi, ila goti haliwezi kuvimba kwa sababu umegombana na mtu kazini.

HATUA YA 4: Kipe kiungo kazi

Mwaka 1978 daktari wa Marekani anaitwa Gabe Mirkin aliandika ushauri ambao dunia nzima iliushika: pumzika, weka barafu, funga bendeji, nyanyua mguu juu. 2014 huyo huyo akaandika tena akasema barafu na mapumziko ya muda mrefu vinaweza kuchelewesha kupona. Na 2019 wataalamu wengine wakatoa mpangilio mpya ambao siku za mwanzo unakulinda kidogo, alafu haraka unakuingiza kwenye kutembea na kubeba uzito pole pole. Barafu sio sumu, ukiiweka dakika 10 mpaka 15 na kitambaa katikati inatuliza maumivu, ila usidhani inaponyesha kitu.

Mfupa, tendoni na msuli vyote vinajijenga kwa kupewa mzigo. Ukifungwa plasta msuli wa paja unaanza kupungua ndani ya siku chache tu, sio miezi. Hapa kuna kitu watu wengi hawakijui: ukifanya mazoezi ya uzito kwa mguu mzima (ule usioumia), ule uliofungwa nao unapoteza nguvu chache kuliko ungekaa bila kufanya kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu inatoka kwenye mishipa ya fahamu na ubongo ambao unahudumia pande zote mbili. Kwahiyo mtu aliyevunjika mguu wa kushoto ana kila sababu ya kwenda jimu na magongo yake akafanye mguu wa kulia na mikono yote miwili. Watakuangalia vibaya, waache waangalie.

Tendoni (kisigino, chini ya goti, kiwiko) zina utaratibu wake. Zinachukia kupumzishwa na zinachukia mishtuko ya ghafla, zinapenda uzito mkubwa unaokwenda taratibu. Programu maarufu ya tendoni ya kisigino ilitoka 1998 kwa daktari wa mifupa Håkan Alfredson wa Sweden: simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa mguu mzima, shuka taratibu kwa mguu mbovu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi, mara 15 seti 3 goti likiwa limenyooka na seti 3 likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Ni nyingi, inachosha, wengi wanaacha wiki ya tatu kwa sababu bado inauma. Wiki ya tatu hua bado inauma, ndo ilivyo. Kama marudio ni mengi kwako, zoezi zito la taratibu mara 3 kwa wiki nalo linafanya kazi vizuri.

Na kula. Mtu aliyeumia anaogopa kunenepa anakata chakula wakati huu ndo mwili unataka protini kuliko kawaida, lenga kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku kama figo zako ni nzima. Sigara inachelewesha mfupa kuunga, hii haina ubishi, na kama kuna wakati wa kuiacha ni ukiwa na mfupa unaosubiri kuunga.

HATUA YA 5: Kiungo kwa kiungo

Goti. Hili ndo litakusumbua uzeeni kwa hiyo nalipa nafasi kubwa. Ukishachana ligamenti kubwa ya mbele au ile mito ya gegedu ndani, karibu nusu ya watu wanaonyesha dalili za goti kusagika ndani ya miaka 10 mpaka 20, wafanyiwe upasuaji wasifanyiwe. Kijana wa miaka 22 akiumia, akifika 40 anaweza kuwa na goti la mzee. Sasa usikate tamaa, sababu kuna vitu viwili vilivyo mikononi mwako. Cha kwanza ni paja: paja lenye nguvu linapokea mshtuko ambao ungeingia kwenye kiungo. Cha pili ni uzito wa mwili: kwa watu wazito wenye goti lililosagika, kila kilo 1 iliyopungua ilipunguza kama kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua, na hesabu mwenyewe unapiga hatua ngapi kwa siku. Goti linalokwama kabisa (halikunjuki wala halinyooki) au linalokukimbia ghafla ukiwa unatembea tu, hilo sio la kuvumilia, linataka kuonwa.

Bega. Likichomoka mara ya kwanza ukiwa chini ya miaka 25 uwezekano wa kuchomoka tena ni mkubwa sana, ndo maana kwa vijana wa michezo ya kugongana madaktari wanaongelea upasuaji mapema. Usimruhusu rafiki alivute kama alivyoona kwenye video. Funga mkono kwenye kifua, angalia kama ngozi ya nje ya bega ina ganzi (mshipa wa fahamu unapita hapo), angalia mapigo kwenye kifundo cha mkono, alafu hospitali. Baadae kazi ni misuli midogo inayozunguka bega na ile ya kwenye bawa la mgongo, na mwisho kabisa ndo unarudi kwenye kuning'inia na kurusha.

Kifundo cha mguu kila mtu anakidharau. Kilichoteguka mara moja hua kinateguka tena kwa sababu kinapoteza ile hisia ya kujua kiko wapi. Dawa yake haina gharama: simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, ukizoea fumba macho, ukizoea simama juu ya mto. Michezoni vaa bendeji ya kushikilia kifundo au funga tepu, na usione aibu, haifanyi kifundo kiwe dhaifu kama watu wanavyosema.

Mgongo na shingo: tembea, usilale kitandani, na soma tena hatua ya 2.

HATUA YA 6: Kichwa kina sheria zake

Hapa ile habari ya kuvumilia mpaka 5 haipo kabisa. Ukipigwa kichwa ukaona nyota, ukachanganyikiwa, ukasahau kilichotokea, umetoka mchezoni siku hiyo. Hata kama baada ya dakika 10 unajisikia freshi. Kupigwa mara ya pili kabla ubongo haujatulia kunaweza kuua, ni nadra ila imetokea, hasa kwa vijana.

Siku 1 mpaka 2 za kwanza pumzika kiasi, punguza skrini, ila hakuna haja ya kujifungia kwenye chumba cha giza wiki nzima, huo ushauri umeshapitwa. Kutembea kidogo kunasaidia. Kurudi ni kwa ngazi 6: shughuli za kawaida za nyumbani, mazoezi mepesi ya mapigo ya moyo kama baiskeli ya ndani, mazoezi ya mchezo wako bila hatari ya kugonga kichwa, mazoezi magumu zaidi bila kugongana, mazoezi kamili baada ya daktari kuruhusu, alafu mchezo wenyewe. Kila ngazi angalau masaa 24. Zile za mwanzo dalili zikiongezeka kidogo kwa muda mfupi sio mbaya, ila kuanzia ngazi ya 4 unatakiwa huna dalili kabisa hata ukijichosha.

Helmeti inazuia fuvu kupasuka, ila haiwezi kuzuia ubongo kutikisika ndani. Na helmeti iliyopigwa kwa nguvu ni ya kutupa, hata kama kwa nje haina mkwaruzo.

HATUA YA 7: Dawa na vyuma

Dawa za aina ya ibuprofen na diclofenac ni za siku chache, ukila kila siku zinakula tumbo na figo, na ukizinywa kabla ya mchezo mrefu juani huku umekaukiwa maji hizo figo ndo zinapigwa zaidi. Pia zinakuficha ile sauti niliyosema usome kwenye hatua ya 3. Paracetamol mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, na angalia dawa za mafua, nyingi nazo zina paracetamol ndani. Sindano za steroidi (za kushusha uvimbe, sio zile za kujenga misuli) zinatuliza vizuri sana na ndo ubaya wake, zikirudiwa rudiwa zinadhoofisha tendoni, kwa hiyo chukua kama dirisha la kufanya mazoezi na sio leseni ya kurudi mbio.

Chuma mwilini mara nyingi kinaachwa humo humo. Kinachosumbua zaidi ni vitu vidogo, mfano pleti ya mtulinga iko chini ya ngozi tu, mkanda wa begi ukiukandamiza unahisi kila kichwa cha skrubu, ukikatiza kwenye baridi panauma. Kama inakera kila siku, muulize daktari kuhusu kuitoa mfupa ukishaunga, ila jua mashimo ya skrubu yanabaki sehemu dhaifu kwa muda. MRI (kile kipimo cha mashine ya sumaku) vyuma vingi vya kisasa havina shida nayo, ila sema kabla hujaingia.

HATUA YA 8: Kurudi kwa vipimo, sio kwa kalenda wala kwa hamu

Tony Hawk, mfalme wa sketi, alivunjika mfupa wa paja Machi 2022, akarudi kwenye sketi mapema mno, mfupa ukakataa kuunga na ikabidi afanyiwe upasuaji mwingine. Lindsey Vonn yeye aliacha mbio za ski 2019 kwa sababu ya magoti, akawekewa sehemu ya goti bandia 2024, na Desemba mwaka huo huo akarudi Kombe la Dunia akiwa na miaka 40. Sio kwamba alikuwa na bahati, alikuwa na timu nzima ya kumpima kila hatua, wewe na mimi tuna futi ya kupimia na chaki.

Basi tumia hiyo. Piga mstari chini, simama kwa mguu mzima, ruka mbele kadri uwezavyo, utue kwa mguu huo huo na ubaki umesimama sekunde 2 bila kuyumba. Pima kuanzia mstari mpaka kisigino. Rudia mara 3 uchukue iliyo ndefu, alafu mguu ulioumia. Kama mzima umeenda sentimita 150, mbovu unatakiwa ufike angalau 135, yani asilimia 90. Mtu akurekodi video ukitua: goti likiingia ndani hujafika hata kama namba imefika. Na kumbuka mguu mzima nao umelegea miezi yote hiyo, kwa hiyo 90 inaweza kukudanganya, bora ulinganishe na ulivyokuwa kabla hujaumia kama una rekodi.

Kwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti kalenda nayo ina neno. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kila mwezi unaosubiri baada ya upasuaji, mpaka itimie miezi 9, unapunguza uwezekano wa kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa hiyo miezi 9 na vipimo, vyote viwili, sio kimojawapo.

HATUA YA 9: Kichwa cha ndani, na watu wako

Goti limepona ila ukifika kwenye ule mruko mikono inakaza breki yenyewe. Hiyo hofu usiipige vita kwa kujitupa, rudi kwenye mruko mdogo wa aina hiyo hiyo, fanya mpaka uboreke, ndo uongeze. Kukaza mwili katikati ya hewa kunaangusha watu kuliko jeraha lenyewe. Na ikitokea umekaa wiki nyingi huna raha, hulali, huoni maana ya kitu bila mchezo, hilo nalo ni sehemu ya jeraha, ongea na mtu wa afya ya akili kama unavyoongea na fizio.

Mwenza wako wa nyumbani naye ana haki ya kujua mpango. Mwambie unarudi lini, kwa vipimo gani na utaacha kitu gani kabisa. Mimi naona kuacha kitu kimoja (mfano ile miruko mikubwa) ili ubaki na mchezo wenyewe ni biashara nzuri, wengine hawakubaliani na mimi na hiyo ni sawa.

Na wale mnaotoka nao wikiendi, kubalianeni kabla hamjaondoka: aliyepiga kichwa hapigi kura kama aendelee au asiendelee. Wanaamua wengine, anavua helmeti, mmoja anamrudisha, funguo zake anakabidhiwa mwingine.